Kesi yako kuhamishwa ofisi si kwamba umeshtukiwa: jibu kwa dada wa Columbus

Dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio, ameniandikia. Ana grinikadi, mume wake yuko Mombasa, na alimjazia I-130, ile fomu ya kumwombea ndugu aje Marekani, onlaini mwaka 2024 pamoja na binti wa mume, mtoto wa miaka 9 wa ndoa ya kwanza ya huyo mume. Mwenyewe anajiandaa kuomba uraia. Risiti yake ya mwanzo ilitaja kituo cha Texas, akakaa kimya miezi na miezi, halafu juzi kafungua akaunti anakuta meseji kwamba kesi imehamishiwa ofisi nyingine na hiyo ofisi ndiyo sasa yenye mamlaka nayo, barua ikafuata, imetaja California. Anauliza: "Kaka, hii maana yake nini? Mimi California sijawahi hata kukanyaga. Shemeji yangu mmoja ameniambia wakihamisha ujue wameshtuka kitu kwenye ndoa. Naanza upya foleni? Na kuna mtu hapa mtaani anasema ana mwenyeji kwenye ile ofisi ya California, nimpe dola 800 asukume faili. Nifanye nini?"

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho manake ndiyo lenye haraka. Usimpe huyo mtu hata senti. Kuhamishwa kesi hakuna malipo, hakuna fomu ya kujaza, hakuna mwenyeji. Ukipigiwa simu ukaambiwa kuna "ada ya kuhamisha" ujue ni matapeli, na hawa wanajua kabisa kwamba mtu akipata hii barua anaingiwa na hofu ndiyo maana wanavizia hapo hapo. Kisheria wanaoruhusiwa kukupa ushauri wa kesi na kukuwakilisha mbele ya uhamiaji ni mawakili wenye leseni na sisi wengine tuliopewa kibali na Wizara ya Sheria ya Marekani kupitia mashirika ya msaada wa sheria, basi. Huyo wa mtaani akijaza kitu kwa jina lako akakosea, anayebeba mzigo ni wewe na mumeo kule Mombasa, yeye hayumo popote kwenye faili.

Haya sasa tuje kwenye swali lenyewe, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu hili swali naletewa na watu wengi mno, kuna Wakongo wa Louisville, Wakenya wa Minnesota, Watanzania wa Houston, wote wanaulizana kwenye magrupu na majibu yanayozunguka huko mengi ni ya kutishana tu.

Kitu cha kwanza uelewe ni kwamba USCIS, yaani idara ya uhamiaji ya Marekani inayoamua maombi kama yako, iliyochukua kazi za INS ya zamani tangu Machi 2003, haina ofisi moja inayofanya kila kitu. Ina vituo vikubwa vya kuchakata makaratasi ambavyo mtu wa kawaida haingii, watu huviita sevisi senta, vile vya siku nyingi ni vinne: Vermont, Texas, Nebraska na California, baadaye ikaja Potomac kule Virginia. Halafu kuna National Benefits Center huko Missouri ambayo kazi yake kubwa ni kuandaa mafaili ya watu watakaofanyiwa intavyu. Halafu kuna ofisi za eneo, hizi ndizo unazozijua, pale Columbus unapokwenda na apointimenti, ukae mbele ya afisa, ule kiapo. Na kabla ya zote hizo, ukituma kwa posta, bahasha inafikia kwanza kwenye vituo vya kupokelea tu, wanapokea, wanachukua hela, wanaskani, wanakutumia risiti, wanasukuma mbele. Kwa hiyo hata kesi ambayo haijawahi kupata barua ya kuhamishwa imeshapita mikono miwili mitatu kabla afisa hajaifungua. Tofauti ni kwamba mizunguko ile ya mwanzo hawakuandikii barua, hii ya katikati wanakuandikia, na ndiyo inaonekana kama jambo kubwa limetokea.

Sasa kwa nini wahamishe? Sababu kubwa kuliko zote, na kwa kesi kama yako mimi naona ndiyo yenyewe, ni mzigo. Kituo kimoja kinazidiwa, kingine kina nafasi kidogo, wanachota mafaili huku wanayamwaga kule. Wewe umeshaona dirisha la dawa hospitali, foleni imefika mlangoni, anakuja nesi anasema nyie kuanzia hapa nendeni dirisha la tatu, hajakuangalia ugonjwa wako, kaangalia urefu wa mstari tu. Ndivyo ilivyo. Na hawa USCIS sehemu kubwa sana ya bajeti yao, zaidi ya asilimia 95, inatokana na ada tunazolipa sisi wenyewe, siyo hela ya Bunge, kwa hiyo wakizidiwa hawawezi kuajiri watu wengi kwa siku moja, njia ya haraka waliyonayo ni kugawana kazi upya. Mwaka 2020 wakati wa korona walifunga ofisi kwa umma kuanzia Machi 18 mpaka mwanzoni mwa Juni, mapato yakashuka, wakawa wanakaribia kuwapa likizo bila malipo wafanyakazi zaidi ya 13,000, ikasitishwa Agosti ile ile dakika za mwisho. Mafaili yaliyolundikana kipindi kile yaliendelea kuzungushwa kati ya vituo miaka kadhaa baadaye.

Na kuna mfano mmoja wa zamani kidogo ambao napenda kuutoa kwa sababu unahusu I-130 kama yako kabisa. Agosti 2012 ulianza mpango wa DACA, wa vijana walioletwa Marekani wakiwa wadogo bila makaratasi. Maombi yakamiminika kwa mamia ya elfu ndani ya muda mfupi, maafisa wakavutwa kwenda huko, na I-130 za raia waliowaombea wake na waume zao walioko nje zikakaa National Benefits Center zinapigwa vumbi. Watu walilalamika sana. Ilipofika Novemba 2013 ndipo wakaanza kuzihamisha, zikaenda Nebraska, Texas na California. Wale watu wote walipata barua ya aina hiyo hiyo uliyopata wewe, na hakuna aliyekuwa amewafanyia upelelezi wowote, ilikuwa ni mafaili tu yanatafuta mtu wa kuyasoma. Kwa wengi wao kuhamishwa ndiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba kesi imeanza kusogea.

Sababu nyingine ni kupanga upya nani anafanya nini. Machi 2023 walitangaza kituo kipya kinaitwa HART, hiki hakina hata jengo la kukionyesha, maafisa wake wanafanya kazi kwa kompyuta kutoka sehemu mbalimbali, na kilipoanza kilipewa aina fulani tu za maombi, zikiwemo I-730, ile fomu ya mkimbizi au mtu aliyepewa hifadhi kumwombea mke, mume au watoto wake. Hii iliwagusa sana ndugu zetu Wakongo na Warundi. Watu walikuwa wana kesi Nebraska au Texas miaka, ghafla wanaandikiwa imekwenda HART, wakadhani wametapeliwa manake hiyo ofisi hawajawahi kuisikia. Haikuwa utapeli, waliamua aina ile ya kesi iwe na watu wake maalumu. Na kwa hao wa I-730 safari haiishii hapo, ikikubaliwa na jamaa yuko Afrika Mashariki inasogea tena mpaka kwa wanaomfanyia mahojiano kule, na Nairobi ni mojawapo ya ofisi chache za USCIS nje ya Marekani zilizobaki pale walipoamua kufunga nyingi mwaka 2019.

Ya tatu ni intavyu, na hapa ndipo ninapotaka usome kwa makini kwa sababu uvumi wa shemeji yako unatokea huku. Kesi ikitoka sevisi senta kwenda sevisi senta nyingine, kama yako Texas kwenda California, hiyo kwa kawaida ni habari ya mzigo au ya kupanga kazi. Lakini kesi ikitoka kwenye kituo kwenda ofisi ya eneo unaloishi, hapo maana inabadilika, hapo mara nyingi kuna mtu anataka kukuona uso kwa uso. Na hata hiyo siyo lazima iwe mbaya! Mtu aliye ndani ya Marekani anayeomba grinikadi kwa ndoa, kesi yake inaandaliwa Missouri halafu inakwenda ofisi ya eneo kwa sababu intavyu ndiyo utaratibu, anaitwa karibu kila mtu. Kuanzia Oktoba 2017 walitaka hata wale wanaopata grinikadi kwa kazi waitwe intavyu, pamoja na wale wa I-730 ambao tayari wako ndani ya nchi, basi ghafla rundo la mafaili yaliyokuwa yanamalizwa kimyakimya kwenye vituo likahamia ofisi za eneo, na foleni za kule zikarefuka kwa kila mtu hata wanaosubiri uraia.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukipata barua ni "imetoka wapi inakwenda wapi". Ungeniambia I-130 yako, ya mume aliye Mombasa, imehamishiwa ofisi ya Columbus, ningekwambia jiandae, kuna uwezekano afisa anataka kukuhoji wewe mwombaji kuhusu ndoa, weka sawa picha, hela mnazotumiana, tiketi za safari, meseji, cheti cha ndoa, na kwa kuwa mumeo alishawahi kuoa, karatasi ya talaka ya ile ndoa ya kwanza. Hapo maneno ya shemeji yako yangekuwa na punje ya ukweli. Ila hujaniambia hivyo. Umeniambia California, na California sevisi senta haimwiti mtu, huwezi kwenda, hawana dirisha la kupokea wageni. Mimi nikiwa na barua kama hiyo mkononi sioni chochote cha kunikosesha usingizi.

Kuna na sababu ndogondogo nitazipitia haraka. Kuhama nyumba, mtu alikuwa Ohio akahamia Texas, kesi yenye intavyu inamfuata. Kuunganisha mafaili, hii inatokea sana kwa walio na grinikadi ya miaka 2, wameomba kuondolewa masharti kwa I-751, haijajibiwa, wakaomba na uraia, basi I-751 inavutwa kutoka kituoni ipelekwe ofisi ya eneo iamuliwe na afisa yule yule siku moja na intavyu ya uraia. Wapo wanaoogopa wakiiona hiyo, wakati ni jambo jema, faili mbili zinamalizwa kwa kikao kimoja. Pia kuna kesi zilizoanza kupokelewa mahali pasipo pake zikarudishwa njia yake, na kuna za watu ambao wana kesi mahakama ya uhamiaji, hizo zina sheria zake na mtu wa namna hiyo asisome hapa akatulia, aende kwa wakili.

Na siku hizi kuna jambo ambalo limebadilisha maana nzima ya neno kuhamishwa. Zamani faili lilikuwa karatasi, likipakiwa kwenye gari kutoka Texas mpaka California lilikuwa kweli liko barabarani, na kama afisa alihitaji lile faili lako kuu, lile lenye namba yako ya A iliyo kwenye grinikadi, aliliagiza kutoka hifadhi ya kumbukumbu kule Lee's Summit, Missouri, likisubiriwa hapo kesi imelala. Sasa kwa mtu aliyejaza onlaini kama wewe, faili liko kwenye sistimu, afisa popote alipo anaweza kulifungua, kuhamishwa mara nyingi ni kubadilishwa tu ni kundi gani la maafisa linaloiona kwenye skrini yao. Ndiyo sababu risiti yako imeanza na herufi IOE, hiyo inaonyesha kesi inaishi kwenye sistimu ya kielektroniki. Wale wenye risiti za zamani utaona SRC ya Texas, LIN ya Nebraska, WAC ya California, EAC ya Vermont, MSC ya Missouri, YSC ya Potomac. Na watu wanachanganyikiwa hapa: zile herufi zinaonyesha ilikopokelewa mwanzo, haziwi tofauti ikihamishwa. Mtu ana LIN lakini kesi iko California mwaka wa pili. Hata ule ukurasa wao wa kuangalia muda wa kusubiri, fomu nyingi sasa wameziweka kwa jumla kama shughuli za sevisi senta zote pamoja, hawakutajii tena Texas ni miezi mingapi na Nebraska mingapi, na mimi naona ni sawa maana watu walikuwa wanaumia roho kulinganisha.

Sasa kuhusu kuanza upya foleni. Hapana, huanzi upya. Namba ya risiti inabaki ile ile, tarehe ya kupokelewa inabaki ile ile ya 2024, na hiyo tarehe kwako ni mali kubwa sana. Wewe ni mwenye grinikadi, siyo raia bado, kwa hiyo mume na mtoto wako kwenye kundi la F2A ambalo viza zake zina idadi kwa mwaka, na nafasi yenu kwenye mstari inahesabiwa kwa tarehe ile USCIS walipopokea ombi. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inatoa jedwali la viza kuonyesha tarehe zipi zimefikiwa. Barua ya kuhamishwa haigusi hilo hata kidogo. Kesi ihamishwe mara mbili, mara tatu, na kuna watu imewatokea, tarehe haiondoki.

Ndiyo maana nakuomba usifanye kosa ambalo naliona mara kwa mara, mtu anaogopa, anaamua kujaza I-130 nyingine mpya "ili iende ofisi nzuri". Kwanza huchagui ofisi, wao ndio wanaogawa. Pili unalipa tena, tangu Aprili 2024 ni dola 625 onlaini na 675 kwa karatasi. Tatu hiyo mpya ina tarehe mpya, na kuwa na maombi mawili ya mtu yule yule kunaweza kuleta mkanganyiko wa mafaili ambao ndio unachelewesha kweli. Ile ya mwanzo ndiyo yako, ishikilie.

Je, inachelewesha? Nisikudanganye. Wao wanasema uhamisho haubadilishi muda, na kwa nia ni kweli kwamba wanahamisha ili kupunguza kuchelewa. Lakini katika ninayoyaona kazini, kesi ikishahamishwa mara nyingi kunakuwa na ukimya, kwenye akaunti haisemi kitu zaidi ya hayo maneno ya kuhamishwa, unaangalia kila asubuhi hakuna jipya, halafu siku moja inaruka moja kwa moja kwenye jibu au kwenye barua ya kudai vielelezo zaidi. Kwa zile za karatasi ukimya ni mrefu zaidi. Kwa hiyo usihesabu kuanzia siku ya barua ya uhamisho, hesabu kuanzia tarehe ya risiti ya kwanza. Kwenye ukurasa wao wa muda wa kuchakata unachagua fomu, unachagua kundi lako la mwenye grinikadi kumwombea mume, utaona muda, na huo muda maana yake ni kwamba asilimia 80 ya kesi walizomaliza ndani ya miezi 6 iliyopita zilimalizika ndani ya kipindi hicho. Maana yake kuna asilimia 20 zilipita hapo, na kuwa ndani ya hiyo 20 siyo ushahidi kwamba una tatizo. Hapo chini kuna sehemu unaingiza tarehe ya risiti, inakuambia siku gani utaruhusiwa kuuliza. Kabla ya siku hiyo ukipiga simu utajibiwa subiri, utatumia saa nzima kwenye laini bure.

Siku ikifika, tuma ulizo kupitia ile huduma yao ya onlaini, andika fupi, namba ya risiti, tarehe ya kupokelewa, tarehe ya barua ya kuhamishwa, kutoka wapi kwenda wapi. Wasipokujibu cha maana, nenda kwa mbunge wako wa Congress au seneta. Watu wetu hawaitumii hii njia kwa sababu wanadhani ni ya raia tu au ni ya wakubwa. Siyo. Ukiwa mkazi wa jimbo lao unasaini karatasi ya kuwaruhusu waulize habari zako, ofisi yao ina watu kazi yao ni hiyo, na kwa kesi iliyohamishwa wanasaidia sana kwa kitu kimoja, kujua faili liko wapi hasa na kama lina mtu. Hawawezi kulazimisha ikubaliwe. Na kama imepita mno, miaka imekatika na majibu ni yale yale, hapo wakili anaweza kwenda mahakama ya shirikisho kudai tu kwamba waamue, ndiyo au hapana. Hiyo ni njia halali lakini ina gharama na kwako bado hatujafika huko.

Vitu viwili vya kulinda katika kipindi hiki, na hivi ndivyo vinavyoangusha watu, siyo uhamisho wenyewe. Cha kwanza anwani. Ukihama nyumba una siku 10 kuwaarifu, na kuwaambia posta haitoshi, barua nyingi za USCIS posta haizisogezi zinarudi zilikotoka. Badilisha kwenye akaunti yako halafu hakikisha kwamba kesi yenyewe imeonyesha anwani mpya. Cha pili ni barua ya kudai vielelezo ikija. Itakuwa na muda wake wa mwisho, kwa I-130 ni hadi siku 84 na wanaongeza siku 3 za posta, na itakuwa na maelekezo ya wapi pa kujibu. Fuata yale yaliyo kwenye barua hiyo, siyo yaliyokuwa kwenye risiti ya kwanza. Nimeona mtu kajibu vizuri kabisa, vielelezo vimejaa, katuma kwenye kituo cha zamani, na kesi ikakataliwa kwa kutojibu. Inauma sana hiyo.

Halafu kitu ambacho hukuniuliza lakini nimekiona kwenye maelezo yako. Rudi kwenye nakala ya ombi lako uangalie pale ulipojibu kama mumeo ataombea viza ubalozini au atabadilisha hadhi, yaani kupata grinikadi akiwa tayari ndani ya Marekani. Kama ulitaja ubalozi, vizuri, ikikubaliwa USCIS wataipeleka kituo cha taifa cha viza, NVC, kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Huo nao utaonekana kama uhamisho mwingine lakini huo ndio tunaoutaka, mtapewa namba mpya ya kesi itakayoanza na NRB kwa sababu ya Nairobi, mtalipa dola 325 za viza kwa kila mmoja na 120 za fomu ya udhamini wa kifedha. Lakini kama kwa bahati mbaya uliweka kwamba atabadilishia hadhi ndani, ombi likikubaliwa linabaki USCIS limekaa tu, halifiki NVC, itabidi ujaze fomu nyingine I-824 na ulipe ili lisogezwe, na watu wamepoteza muda mwingi sana hapo. Kama umekosea waandikie mapema sasa hivi kabla haijaamuliwa, kupitia akaunti.

Na la binti. Umesema unajiandaa kuomba uraia, hongera, na ukiupata mumeo atatoka F2A aingie kundi la ndugu wa karibu wa raia ambalo halina foleni ya idadi. Lakini yule mtoto aliyepanda kwenye ombi la baba yake atashuka! Kwenye F2A mtoto anafuatana na mzazi kwa ombi moja, kwenye kundi la raia hafuatani, kila mtu lazima awe na I-130 yake. Hili halimo kwenye barua yoyote watakayokutumia, na nimekutana na familia ambazo baba kaitwa ubalozini na mtoto jina halipo. Kwa kuwa mlioana yeye akiwa hajafika miaka 18 anahesabika ni mtoto wako wa kambo kisheria, kwa hiyo unaweza kumwombea wewe mwenyewe. Hii ndiyo I-130 ya pili inayostahili hela yako. Uraia ukitoka, siku hiyo hiyo pakia cheti kwenye akaunti ya kesi ya mumeo kama bado iko USCIS, au kama imeshafika NVC watumie nakala huko, kisha mjazie mtoto ya kwake.

Jambo lingine usilichanganye na hili, kuhamishwa na kusimamishwa ni vitu viwili. Tangu Juni 2025 kumekuwa na marufuku za kuingia kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ilikuwemo tangu mwanzo kwenye zile za nusu, zisizogusa kila aina ya viza, na orodha hubadilika. Wanaosoma hili ambao mume au mke ana pasi ya Burundi au ya nchi nyingine, kabla ya kulaumu ofisi iliyopokea faili muulizeni wakili kuhusu uraia wa huyo jamaa kwanza, maana sababu ya kukwama inaweza kuwa huko. Kwako wewe mumeo ana pasi ya Kenya, lakini hata hivyo kabla hamjakata tiketi yoyote wala kuacha kazi angalia tangazo la karibuni la ubalozi wa Nairobi.

Basi kwa wiki hii fanya hivi. Hiyo barua ya California ichapishe uiweke pamoja na risiti ya kwanza, usitupe hata moja. Fungua nakala ya ombi uangalie lile swali la ubalozi. Hakiki anwani. Mwambie mumeo kule Mombasa atafute cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ile hukumu ya talaka iliyogongwa muhuri wa mahakama, na kama mama wa mtoto yupo wakae wazungumze mapema kuhusu ridhaa ya mtoto kusafiri, hilo huchukua muda kuliko makaratasi ya Wamarekani. Na huyo mwenye mwenyeji California ukikutana naye tena mwambie kesi yako ina mwakilishi.